Kitako cha gorogoro: barua kwa mwanangu aliye Kisumu

Nakuru, Jumapili jioni

Mwanangu,

Dada yako amenisomea ulichoandika kwenye grupu ya chama chenu, hicho cha kuchanga pesa na kupokea kwa zamu. Nilimwambia asome tena, maana mara ya kwanza nilidhani ni maneno ya mtu mwingine. "Mwizi ni mwizi tu, hata avae kitenge." Halafu wenzako wakamwaga vile vikatuni vya kucheka. Nasikia mweka hazina wenu, msichana uliyemwandikia hayo, alijitoa kwenye grupu usiku uo huo, na kibanda chake cha mitumba pale Kibuye hakijafunguliwa tangu Alhamisi.

Ningekupigia simu, lakini tunajuana. Ungenikatiza, nami ningepandisha sauti, kisha tungesingizia mtandao. Kwa hivyo nimezima redio, nimekaa mezani, nakuandikia. Soma ukiwa umekula.

Niseme mapema kwamba kwa hesabu uko sawa. Umepitia jumbe za M-Pesa moja moja na shilingi 18,600 hazionekani. Hizo si pesa za kuachwa hivi hivi eti kwa sababu mtu ni mpole au anaimba kwaya. Ni mia tanotano za watu wanaoamka saa kumi usiku kuwahi mizigo, na kila mia tano kuna mtu aliyejinyima kitu ndipo akaitoa. Kwa hivyo usinielewe vibaya: pesa zirudi. Shida yangu ni namna ulivyozidai. Na ili tuelewane itabidi nikuambie jambo ambalo hata baba yako, Mungu amrehemu, hakulijua.

Mwaka 1993 mimi nilikuwa mwizi.

Nilikuwa na meza ya nafaka hapa Nakuru, mahindi upande mmoja, maharagwe upande wa pili. Miezi ile ilikuwa ya ajabu. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulikuwa umepita, na pesa zilikuwa zimemwagwa mtaani kama maji ya mfereji uliopasuka. Upande mwingine kulikuwa na ile sakata ya Goldenberg, ambapo fedha za umma zililipwa kuwatuza watu kwa dhahabu na almasi walizodai kuuza ng'ambo, wakati Kenya haina hata mgodi mmoja wa almasi. Sisi wa sokoni hayo tuliyajua baadaye. Tulichokijua siku zile ni kwamba bei hazikulala. Mfumuko wa bei mwaka ule ulifika asilimia 46 hivi. Dola ambayo mwaka 1992 ilikuwa shilingi 32 hivi ilipita 60. Nilikuwa nikiuza gunia kuanzia Jumatatu, nalimaliza Ijumaa, nikirudi kwa mwenye lori pesa zote za gunia hilo haziwezi kununua gunia jingine. Nimeuza vizuri, sijamkopesha mtu, na bado nimepata hasara. Fikiria hilo.

Babu yako ndiye aliyeumia zaidi. Alikuwa ameweka akiba polepole, miaka sita, ya kununua ng'ombe wa maziwa. Hakuna aliyemwibia hata senti. Alipokwenda kuzitoa zilikuwa zote, zimehesabiwa, noti safi, na zikanunua ndama. Alimkokota ndama yule mpaka nyumbani bila kusema neno. Ndiyo maana nakuambia pesa inayopungua thamani huwa inaanza kumla yule aliyeiamini. Mwenye ardhi na mwenye magorofa hutikisika kidogo akasimama. Aliyefunga noti kwenye leso ndiye huzama.

(Najua hapa utaniletea sarafu yenu ya mtandaoni, Bitcoin, ile mnayosema haiwezi kuzidi milioni 21. Nimekusikia, na wazo lenyewe nalielewa kuliko unavyofikiri: ni kama mkebe wa kupimia ambao hakuna mtu wa kuubonyeza kitako ili upime pungufu. Lakini bei yake inapanda na kushuka kila siku, kama mkebe unaopanuka na kufumba mdomo, na mimi nauza maharagwe. Tuendelee.)

Usiku mmoja nilichukua gorogoro yangu, ule mkebe wa kupimia nafaka, nikaipindua juu ya tambara, nikagonga kitako kwa nyundo ndogo mpaka kikabonyea ndani. Si sana. Ukitazama juu huoni kitu, na mahindi yanajaa mpaka kilele kama kawaida. Gunia lililokuwa likitoa gorogoro 40 likaanza kutoa 43. Hizo tatu ndizo zilizotulisha. Na unajua nilijiambia nini? Kwamba wakubwa wameibonyeza shilingi, nami nimebonyeza mkebe. Kila mtu na kitako chake. Nililala vizuri kabisa. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba nililala.

Sasa kulikuwa na mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza uji karibu na steji. Alinunua mahindi kwangu kila Jumamosi. Siku moja akarudi na mkebe wake mwenyewe, ule wa nyumbani. Soko limejaa. Nikajua nimekwisha, maana mwanamke yule alikuwa na sauti. Angepiga kelele moja tu, watu wangeipindua meza yangu na mimi juu yake. Akainama, akaniambia kwa sauti ya chini: "Binti yangu, nimepima nyumbani, mahindi yamepungua konzi mbili. Nimeona uchungu, kwa sababu kwako ndiko ninakokuja kila wiki. Nina wajukuu sita, konzi mbili ni bakuli la mmoja. Nakuomba unipimie kwa huu wangu."

Basi. Hakusema mwizi. Hakusema "nyinyi watu wa magharibi mna tabia hii," kama wengine walivyokuwa wakisema. Nilimpimia kwa mkebe wake, mikono ikitetemeka, nikamwongezea. Akanishukuru akaenda zake.

Ningependa kukuambia kwamba usiku huo niliokoka. Hapana. Niliendelea na mkebe uleule kwa wengine, miezi miwili zaidi, ila yeye peke yake nilimpimia kwa ule wa kwake. Ninaona aibu kuliandika hili kuliko yote niliyoandika juu. Kilichonimaliza kilikuja kwa upande ambao sikuutazamia: wakaanza kuja wanawake nisiowajua, mmoja kutoka Bondeni, wawili kutoka Kaptembwa, wakisema, "Tumeelekezwa na yule mama wa uji. Amesema kwako mtu akipungukiwa anasikilizwa." Nilikuwa nikiwapimia kwa kitako kilichobonyea watu walioletwa na sifa yangu njema. Nilinyoosha kile kitako kwa nyundo ileile. Hakikunyooka sawasawa, ikabidi ninunue mkebe mwingine.

Miaka ikapita, ukazaliwa, ukaanza shule. Ghasia za baada ya uchaguzi, mwisho wa Januari 2008, uliziona mwenyewe ukiwa mdogo chini ya kitanda, na sitaki kurudi huko sana. Nitasema jambo moja tu. Kabla ya mapanga yalitangulia maneno. Watu tuliokuwa tukiombana chumvi waliitwa madoadoa, na doa hufanywa nini kama si kuondolewa? Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilikuja kuhesabu waliouawa nchi nzima: 1,133. Mimi nilijua wengi waliosambaza maneno hayo kwa jumbe za simu. Walikuwa watu wa kawaida, wenye hasira, wanaodhani wanasema ukweli.

Baadaye kanisani kwetu wakaleta mwalimu wa semina ya amani. Nilikwenda kwa sababu ya chakula cha mchana, sikufichi. Akatufundisha mambo ya Mmarekani mmoja, Marshall Rosenberg, ambaye akiwa hajatimiza miaka tisa alifungiwa nyumbani na wazazi wake huko Detroit, mwaka 1943, mji ukiwaka kwa vita vya weusi na weupe. Alipokua, maisha yake yote aliyatumia kuuliza kwa nini watu wengine hubaki na huruma hata hali ikiwa mbaya. Alikuwa akifundisha kwa vikaragosi viwili, mbweha na twiga. Mbweha anahukumu. Twiga anasema alichoona kwa macho, anavyojisikia, anachohitaji, kisha anaomba. Amechaguliwa twiga, mwalimu akasema, kwa kuwa ndiye mnyama wa nchi kavu mwenye moyo mkubwa kuliko wote. Mzee mmoja aliyekuwa askari wa wanyamapori akanyoosha mkono kutoka nyuma: "Ndovu anamshinda." Mwalimu akakosa la kusema. Mzee akafikiri kidogo, akaongeza, "Lakini mbugani kwetu hapa Nakuru ndovu hakuna, twiga wapo. Endelea." Tulicheka sote, na mle ndani walikuwemo watu ambao hawakuwa wamesemezana tangu Januari.

Mimi nilicheka kisha nikanyamaza, kwa maana nilikuwa nimemwona mama wa uji. Konzi mbili, alizipima. Uchungu, aliusema. Bakuli la mjukuu, alilitaja. Kisha ombi, moja, la kupimiwa upya. Hakuwahi kuhudhuria semina yoyote, na Detroit hakuijua.

Kwa nini nakusumbua na yote haya? Kwa sababu nimekaa sokoni zaidi ya miaka 30 na nimeona kwamba kipimo kibovu huishi mahali ambapo watu wanajua mambo mawili tu, kunyamaza au kutukana. Tazama wakulima wa viazi wa Molo na Mau Narok. Tangu mwaka 2019 kanuni zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, na bado ile lumbesa, gunia lililoshonewa shingo mpaka likapita kilo 100, inapakiwa usiku. Mkulima anaiona, anaumia, ananyamaza, kwa sababu lori likiondoka tupu viazi vitaoza. Akifika kwenye baa ndipo anamwita dalali majina. Asubuhi wanapakia tena. Hakuna siku wamekaa wawili wakasema, mimi nahitaji nini, wewe unahitaji nini, tufanyeje. Sheria ipo, mizani ipo, ulimi haupo.

Na wewe sasa. Ulikuwa na namba mkononi, 18,600, kitu safi kabisa kisicho na ubishi. Ukaiacha, ukashika jina. Namba mtu anaweza kuijibu: nilitoa kiasi hiki siku fulani, hiki nilikosea kuandika, hiki nilikula. Jina la mwizi linajibiwaje? Linajibiwa kwa kujitoa kwenye grupu na kufunga kibanda. Kwa hiyo mmepoteza pesa, mmepoteza na mtu anayejua zilikokwenda.

Labda amezila. Inawezekana, na sura yake nzuri isikudanganye. Labda kuna mgonjwa. Labda ni hesabu mbaya tu. Mlimwachia mtu mmoja simu, daftari na neno la siri, kisha mkashangaa. Hilo la mwisho ni kosa lenu wote, na nimelisema kwa sababu hata mimi nimekuwa mweka hazina. Wekeni watu watatu. Daftari lisomwe kwa sauti kila mkutano, hata kama linachosha, hasa kama linachosha.

Nenda kwake. Usiende na kundi, usiende na simu inayorekodi. Mchukue yule shangazi anayeuza omena jirani yake, awe shahidi, maana msichana anaweza kuogopa kuzungumza na kijana peke yake. Mwambie ulichoona kwenye jumbe, tarehe kwa tarehe. Mwambie kwamba ulikasirika kwa kuwa ulipanga kulipia kodi ya duka kwa zamu yako, na ukweli ni kwamba uliingiwa na hofu. Nakujua, hofu yako hutoka ikiwa imevaa ukali. Muombe mkae na daftari siku fulani, saa fulani. Na kabla ya hayo yote muombe radhi kwa lile la kitenge. Radhi hiyo haifuti hata shilingi moja ya deni. Ni mambo mawili tofauti, usiyachanganye na asiyachanganye.

Radhi ya grupu iandike kwenye grupu, si kwake faraghani, kwa kuwa tusi ulilitoa mbele ya watu 12.

Kesho asubuhi kondakta wa matatu ya Kisumu atakuletea mfuko wa maharagwe, yale ya nyayo unayoyapenda. Nimepima gorogoro nane. Nne zako, nne mpelekee msichana yule, umwambie zimetoka kwa mama yako, anayeuza nafaka Nakuru. Yapime ukiyapokea, mbele ya kondakta. Yakipungua, usiandike popote, nipigie mimi.

Mama yako