Simba wa Baba

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, alhamdulillah, mvua za vuli zimeanza na Baba anakusalimu. Nilitaka nikupe habari za harusi ya binti yangu, lakini ngoja kwanza nikusimulie kituko cha juma hili.

Unalikumbuka lile Peugeot 404 chini ya mwarobaini, lililopandishwa juu ya mawe tangu tuko darasa la tatu? Jumanne alikuja kijana wa vyuma chakavu na mzani wake. Mama akafurahi mno, maana kuku wamehamia kiti cha nyuma na kila siku tunatafuta mayai humo. Baba hakubishana na mtu. Aliingia garini, akafunga mlango, akashika usukani. Akakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri. Kijana akangoja, akachoka, akaondoka na masufuria mabovu.

Jioni nikamuuliza, Baba, lina nini hili gari? Akanianzia habari za Bert Shankland, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 kwa 404. Ukimsikiliza utadhani walipokezana usukani! Na mji wenyewe ndio huu, tambarare, baiskeli inakufikisha Raskazone bila taabu. Mimi nadhani hakulinunua limpeleke popote. Alitaka aonekane anafika.

Nimesoma habari za mwanasaikolojia mmoja, Ernest Dichter, mtu wa Vienna aliyehamia Marekani mwaka 1938. Aliifanyia kazi kampuni ya Chrysler, akaona kwamba gari lisilo na paa ndilo linalowavuta wanaume waingie dukani, kwa kuwa kichwani mwao limekaa kama hawara. Wakishaingia wananunua la paa, la mke. Nilicheka peke yangu. Shoga, sisi si tulishasema? Shangingi alikuwa mwanamke aliyekubuhu, mjini hababaishwi na mtu, kabla jina lake hatujayabandika yale magari ya wakubwa. Na wala hakuna aliyetulipa kwa uchunguzi huo.

Usidhani najitoa. Juzi bajaji imekwaruza Vitz yangu pale sokoni, nikajikuta nimeshika ubavu wangu mwenyewe.

Sasa ombi. Ukipita Gerezani, huko Dar, kwenye vipuri vya zamani, Baba ana kitu anaomba umuulizie. Nikajua atataja kabureta, au angalau tairi. Anataka simba, ile nembo ya mbele iliyong'oka. Amemchora mwenyewe kwa kalamu ya risasi, karatasi nimeikunja humu ndani ya bahasha. Mkia ameukosea, akaufuta, akauchora upya.

Bei ukiijua nipigie, nitakutumia kwa simu.

Shoga yako,
Zuhura