Kwenu mnaokuja chuoni wakati wa likizo

Wanangu mliomaliza kidato cha nne na cha sita, nanyi wadogo zangu mnaotumia likizo ya kazi kusoma kozi fupi,

Marahaba. Wengi wenu mmeniamkia pale getini miaka hii yote, na wapo niliowafundisha kufunga soketi kwa mikono yangu. Leo nawaandikia nikiwa na uchungu.

Mwezi uliopita jirani yangu, mama wa watoto wanne, alichomeka pasi kwenye nyumba mpya waliyohamia. Umeme ulimrusha, akaangukia meza, mkono ukavunjika. Mungu ni mwema, yu hai. Niliitwa nikaangalie. Nilizima swichi kuu, nikafungua soketi. Waya wa kijani na njano, waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja usimpige mtu, ulikuwa umekatwa na kukunjwa ndani ya ukuta. Haukufungwa popote. Soketi zote za nyumba ile zilikuwa hivyo hivyo, na zilikuwa zimevutiwa waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5, waya wa taa, badala ya ule mnene wa 2.5.

Fundi aliitwa. Ni kijana wa miaka ishirini na miwili, mpole, mwenye adabu. Alikuja na cheti chake kimewekewa plastiki. Kozi ya wiki sita ya uwekaji umeme majumbani, muhuri upo, sahihi ipo. Nikamuuliza ethi ni ya kazi gani. Akanyamaza. Nikamuuliza tena kwa upole, naye akaniambia ukweli: alihudhuria siku tisa, kisha akarudi siku ya kugawa vyeti. Rafiki yake alikuwa akimsainia daftari la mahudhurio.

Siwezi kuacha kulifikiria daftari lile. Kila asubuhi mtu ameandika jina la mwenzake, akaona amemfadhili. Mwalimu amelipitia akaona majina yote yapo, akageuza ukurasa. Mwisho wa kozi chuo kimehesabu sahihi, hakikuhesabu mikono iliyoshika koleo. Na mwaka mmoja baadaye mama asiyejua hata jina la chuo hicho anaokotwa sakafuni. Kusainiana si urafiki. Mwanangu, ukimsainia mwenzio siku ya somo la ethi, umeukata ule waya wewe.

Na msidhani nawasema vijana peke yenu. Wafanyakazi ndio mliowafundisha. Nimewaona maofisa wanaingia saa tatu, wanasaini asubuhi na mchana kwa mkupuo mmoja, wanauliza posho inatoka lini, kisha kiti kinabaki na koti tu. Kijana aliyeketi nyuma yako anakutazama. Anajifunza kwamba huko kwa wakubwa elimu ni karatasi ya kuweka kwenye faili. Waajiri nao wameipokea tabia hiyo: wanaomba nakala ya cheti, hawamwambii mtu "shika drili tuone". Wazazi nao, mnalipa ada ili mkamjibu shangazi kwamba mtoto yuko chuo. Nani kati yenu amewahi kumwambia mwanawe jioni, hebu nionyeshe ulichofanya leo?

Hatukuanza hivi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kuanzia 1975 vikafunguliwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano uliotoka Sweden, ambako mtu mzima alikwenda chuoni kutafuta maarifa ya kumsaidia maishani, bila kukimbizana na mtihani. Nilikuwa kijana miaka ile. Niliona wakulima wakirudi nyumbani wakijua kuunga chuma na kufuga kuku, na hakuna aliyewauliza karatasi iko wapi, kwa sababu jembe lililoungwa lilikuwa pale, linalima. Sisemi vyeti vifutwe. Kwa kazi ya umeme lazima upate leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia huduma za nishati na maji, na ni haki iwe hivyo. Nasema cheti kije nyuma ya kazi.

Niruhusuni niwasimulie kuhusu muuguzi mmoja. Alikuja kozi ya kompyuta akiwa amebakiza miaka michache kustaafu, akaitoa likizo yake yote, zile siku 28, kwa ajili ya darasa. Aliketi karibu na mvulana aliyekuwa akisubiri matokeo ya kidato cha nne. Siku ya kwanza kipanya kilimtetemesha mkono. Mvulana akamwekea mkono juu ya mkono, "taratibu mama, usikibane." Wiki ya pili yule mama akasimama, akasema jumla ya leja yake ya dawa haiendani na ile aliyoipiga kwa kalamu, akataka kujua kwa nini. Mwalimu ikabidi arudie somo zima, na hapo ikaonekana nusu ya darasa hawakuwa wameelewa, walikuwa wananyamaza tu. Kuanzia siku hiyo yule mvulana naye akawa anauliza. Nikiwakumbuka wale wawili moyo wangu hutulia. Ndiyo maana napenda kozi za likizo kuliko zote: mtu mzima huja na shida anayoijua, kijana huja na vidole vyepesi, na wote wana haja ya mwenzao.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Fikeni kabla ya kipindi. Njooni na daftari na kalamu, kupiga picha ubao hakutoshi. Simu ikae mfukoni. Rudisheni vifaa vikiwa safi. Wasichana wasisukumwe nyuma ya meza ya kazi, wapewe drili. Asiyeelewa aulize siku hiyo hiyo.

Nyinyi wa kidato cha nne mnamaliza mtihani Novemba, na kidato cha tano hufunguliwa Julai. Ni miezi saba hiyo. Fundi mzuri hapatikani kwa miezi saba, lakini mtu aliyejua kwamba hajui hupatikana, na huyo nitamruhusu ashike nyumba yangu akiwa na fundi mkubwa pembeni.

Yule kijana sikumfukuza. Tumerudi naye kwenye ile nyumba, tumefumua soketi zote kumi na moja, tumevuta waya wa 2.5 na kuchimbia ethi upya. Ya kumi na moja aliifunga peke yake nikiwa nimesimama kimya mlangoni. Mwenye nyumba hakulipa senti.

Kozi ijayo ikianza nitakuwa karakana kila siku saa moja na nusu asubuhi. Daftari la mahudhurio nimeomba nilishike mimi, na kila jina nitaliita kwa sauti.