Wauza vitabu vya zamani, msichane ukurasa wa mwanzo

Mhariri,

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa Makoroboi, hapa mjini Mwanza, nikipekua vitabu vilivyotumika kama nilivyozoea tangu nistaafu ualimu. Kijana ninayenunua kwake alikuwa ameniwekea kimoja chini ya meza. "Shikamoo mwalimu. Hiki nimekutunzia, tena nimekusafishia kabisa."

Ilikuwa kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, ile iliyotoka mwaka 1939 chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyosanifisha Kiswahili enzi za ukoloni. Jalada limepauka, mgongo umeshonwa upya kwa uzi wa nyavu. Nikaifungua kwa furaha, nikaishiwa nguvu. Kule kusafisha kulikuwa ni kuuchana ukurasa mtupu wa mwanzo, kwa kuwa mwenye kitabu wa zamani alikuwa "ameuchorachora".

Umebaki ukingo mwembamba kwenye mshono. Juu zimesalia herufi nne za wino wa buluu, "Uker", na chini yake tarakimu 194. Basi.

Ukerewe, miaka ya 1940. Wakati huo Aniceti Kitereza alikuwa kisiwani humo akiandika kwa Kikerewe riwaya aliyoimaliza mwaka 1945, ambayo haikuchapishwa, tena kwa Kiswahili, mpaka 1980. Sisemi kamusi hii ilikuwa yake. Ingeweza kuwa ya katekista, ya karani wa pamba, ya mwalimu wa shule ya misheni. Jibu lilikuwa limeandikwa pale kwa mkono wa mwenyewe, na limechanwa kwa nia njema kabisa. Kijana sikumgombeza. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Ndiyo maana naandika. Kamusi ya Johnson ilichapwa tena na tena kwa miaka mingi, maneno yake hayapotei. Ukurasa ule ulikuwa mmoja tu duniani.

Nyumbani kwangu Nyakato nina vitabu sitini na kitu vya enzi ya ukoloni, na karibu vyote nilivinunua kwa ajili ya kile kilichoandikwa kwa kalamu, si kile kilichopigwa chapa. Kimoja ni kitabu cha sarufi. Enzi za Waingereza, ofisa wa serikali aliyeletwa Tanganyika alitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili, kwa hiyo wengi walijitafutia mwalimu mwenyeji. Ofisa mwenye kitabu hiki aliandika ukurasa wa mwanzo, mwaka 1951, kwa Kiswahili chenye makosa mawili ya ngeli, akimshukuru aliyemfundisha. Akaweka jina lote la mwalimu huyo na kijiji chake, huko Magu.

Nilipanda basi nikaenda. Mzee alikwisha kufariki zamani, ila nilimkuta mjukuu wake, mama wa makamo anayeuza dagaa. Alijua kwamba babu "aliwahi kufundisha Wazungu", lakini hakuwahi kuona mahali palipoandikwa. Akalifuata jina kwa kidole, herufi moja moja. Kisha akaniomba nimsomee maneno yote. Nilimsomea mara tatu.

Wapo wenzangu wanaoniuliza kwa nini nihifadhi mwandiko wa mkoloni. Mimi nahifadhi jina la mwalimu yule. Ofisa ana faili lake, ana pensheni iliyoandikwa, huenda ana picha ukutani kwao Uingereza. Mwalimu wake, kwa yote niliyoyaona, anao ukurasa ule.

Wauzaji wanadhani maandishi yanashusha bei. Kwa sisi tunaokusanya ni kinyume: kitabu chenye jina, mahali na mwaka nakiongezea hela, na wanunuzi wa nje hufanya vivyo hivyo. Basi bei iandikeni kwenye kipande cha karatasi mkichomeke ndani, msitumie maka peni juu ya jalada. Selotepu iacheni kabisa, gundi yake hugeuka kahawia na kuila karatasi. Kama ukurasa umeshachomoka, urudisheni humo humo hata ukiwa umelegea. Na maktaba nazo ziangalie zinapogonga mihuri. Kuna mahali nilitoa kitabu kwa moyo mweupe, nikakikuta baadaye muhuri umepigwa juu kabisa ya jina.

Familia nazo, kabla hamjauza vitabu vya marehemu kwa kilo, fungueni kwanza kurasa za mwanzo na za mwisho. Wazee wengi wa huku waliandika tarehe za kuzaliwa watoto ndani ya Biblia, ndani ya Msahafu, hata ndani ya kitabu cha hesabu. Mimi mwenyewe tarehe yangu niliipata hivyo, kwenye kitabu cha nyimbo cha baba, siku nilipotakiwa kujaza fomu ya kazi.

Ule ukurasa wa kamusi bado nautafuta. Kijana anakumbuka aliutoa pamoja na karatasi nyingine kwa mama mmoja anayefunga karanga pale pale Makoroboi. Ni karatasi nene kiasi, imegeuka rangi ya chai, upande wa kushoto umechanika vibaya, na maandishi yake ya buluu yanaanza na "ewe". Aliyefungiwa karanga humo na hajaitupa, tafadhali ampelekee kijana yeyote wa vitabu pale Makoroboi. Wote wananifahamu.

Mwalimu mstaafu,
Nyakato, Mwanza