Malalamiko kuhusu kompyuta mliyotufungia na ushauri tuliolipia bure

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

YAH: GRAFIKI KUTOFANYA KAZI NDANI YA MASHINE PEPE, NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ofisi yetu iko Morogoro, ni ya watu wanne, tunapima viwanja na kuchora nyumba. Ramani za viwanja tunazifanya kwa QGIS, programu ya ramani, kwenye Ubuntu, ambayo ni mfumo wa Linux, na hatuna mpango wa kuhama. Lakini wahandisi tunaofanya nao kazi wanataka faili za AutoCAD, programu ya michoro ya kihandisi, na AutoCAD haina toleo la Linux, hivyo tulihitaji Windows. Nilipoeleza hilo dukani kwenu nilishauriwa nisinunue kompyuta mbili. Mngefunga Ubuntu, juu yake VirtualBox, programu inayotengeneza kompyuta ya kuigiza, yaani mashine pepe, na ndani ya VirtualBox mngeweka Windows 11 ikae kama mpangaji chumbani. Proforma yenu ninayo hapa mezani. Ina mstari unaosema kwamba Windows hiyo ya ndani itatumia kadi ya picha ya NVIDIA moja kwa moja. Mstari huo nitaurudia.

Michoro ya kawaida ilikwenda, kwa kujikokota, lakini ilikwenda. Balaa lilianza tulipoinua nyumba kuwa ya 3D. Ukishika kipanya uizungushe, inatulia kwanza kama imesusa, halafu inaruka robo duara kwa mpigo. Mama mmoja aliyekuja kuona paa la nyumba yake alisubiri mpaka akaniomba nimchoree tu kwa penseli. Nikamchorea.

Nilipopiga simu kwenu, jibu la kwanza lilikuwa kwamba RAM haitoshi. Tukanunua kwenu GB 16 nyingine kwa shilingi 190,000, jumla zikawa 32. Hakikubadilika kitu, wala kisingebadilika. Kabla ya kuongeza, Ubuntu ilikuwa inaonyesha sehemu kubwa ya RAM iko wazi, huku prosesa ikihema kwa asilimia 100. Aliyenishauri kwenye simu hakuniuliza namba hizo. Aliniuliza tu kama nitalipa kwa simu au benki.

Jibu la pili lilikuwa kumtuma fundi, nauli na ufundi juu yetu, shilingi 85,000. Kijana mpole, sina ugomvi naye. Alifungua mipangilio ya VirtualBox, akaweka tiki kwenye kisanduku cha 3D, akapandisha kumbukumbu ya video hadi MB 128, akawasha. Nyumba ikaendelea kuruka. Akatoa tiki, akairudisha, akanywa chai, kisha akaandika kwenye fomu yenu kwamba kadi haina uwezo, tununue kubwa zaidi. Kadi yenyewe mliichagua ninyi, na ilikuwa haijamaliza miezi mitatu tangu itoke kwenye boksi.

Hapo nikafunga pochi. Jumamosi nzima nikakaa na hiyo kompyuta peke yangu. Mimi ni mpima ardhi, si mtu wa kompyuta, ila kwenye kazi yetu huruhusiwi kung'oa bikoni, alama ya mpaka, kabla hujapima. Naeleza nilichokikuta hatua kwa hatua ili mafundi wenu wasiseme nimebahatisha.

Nilianzia ndani. Kwenye orodha ya vifaa ya Windows, sehemu ya kadi ya picha ilisomeka Microsoft Basic Display Adapter. Hiyo ni draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya dharura, Windows huishika pale inapokosa draiva halisi. Maana yake ni kwamba Guest Additions, kile kifurushi cha VirtualBox kinachoufundisha mfumo wa ndani kuitambua skrini yake, hakikuwahi kufungwa. Tiki ya fundi ilikuwa sawa na kufungua koki ambayo bomba lake halijaunganishwa. Nikakifunga, nikawasha upya, jina likabadilika kuwa VirtualBox Graphics Adapter, na dirisha la Windows likajaa kioo kizima kwa mara ya kwanza. Nilifurahi kama dakika tano. Nyumba ilikuwa bado inaruka.

Nikatoka nje, kwenye Ubuntu yenyewe. Niliandika glxinfo -B kwenye terminali, na mstari unaotaja mchoraji ukajibu llvmpipe. Hilo si jina la kadi. Ni programu inayomlazimisha prosesa achore kila nukta ya picha mwenyewe wakati kadi haipatikani, na ndiyo sababu alikuwa akihema. Kumbe hata Ubuntu ilikuwa haiigusi NVIDIA! Mashine pepe haina kadi yake. Kila ombi la 3D hulipeleka kwa mwenyeji, yaani Ubuntu, na mwenyeji akiwa hana kitu, mgeni atakula nini?

Amri ya nvidia-smi ikajibu kwamba imeshindwa kuwasiliana na draiva. Draiva ilikuwepo kwenye diski, mliifunga ninyi, lakini kerneli, kiini cha Ubuntu, haikuipakia. Nikauliza kwa mokutil --sb-state, nikaambiwa Secure Boot, ulinzi wa kompyuta wakati wa kuwaka, imewashwa. Hapo ndipo nikaelewa. Secure Boot ikiwa imewashwa, kerneli ya Ubuntu hukataa moduli (kipande cha programu kinachopakiwa ndani yake, kama draiva) yoyote isiyo na saini inayoaminika. Draiva ikijengwa kwenye kompyuta yenyewe, kama mlivyofanya, hutiwa saini kwa ufunguo wake uliotengenezwa hapo hapo (tofauti na ule wa moduli za VirtualBox, ambao ulikuwa umeshasajiliwa), na ufunguo huo lazima usajiliwe. Baada ya kuwasha upya huja skrini ya bluu ikisema ubonyeze kitufe ili uushughulikie. Inasubiri sekunde 10, ukiiacha inapita zake.

Skrini hiyo ya bluu tuliiona. Ilitokea siku mlipotuletea kompyuta, mbele ya mtu wenu, na akatuambia tusiijali.

Nikaomba usajili upya kwa mokutil --import, nikaweka nywila, nikawasha, na safari hii sikuiacha ipite. Nilichagua Enroll MOK, yaani sajili ufunguo, nikaingiza nywila ile ile, nikaendelea. nvidia-smi ikatoa jedwali lake lenye jina la kadi na nyuzijoto. llvmpipe ikatoweka. Ndani ya Windows, AutoCAD ina amri ya GRAPHICSCONFIG, na swichi ya kutumia kadi, ambayo ilikuwa imefifia haibonyezeki, sasa ikakubali kuwashwa. Nyumba inazunguka. Si kama kwenye kompyuta yenye Windows peke yake, lakini mteja anaweza kuona paa lake bila penseli.

Gharama ya matengenezo hayo ilikuwa shilingi sifuri. RAM haikuhusika, na kadi haikuwa na kosa lolote.

Sasa narudi kwenye ule mstari wa proforma. Hata leo, baada ya kila kitu kukaa sawa, Windows yetu haitumii kadi moja kwa moja. Inachokiona ni kadi ya kuigiza. Tangu VirtualBox 7.0 ya mwaka 2022, maombi ya DirectX 11, lugha ya Windows ya kuagiza picha, kutoka kwa Windows ya ndani hutafsiriwa kuwa Vulkan, lugha ambayo Linux inaielewa, yakifika kwenye mwenyeji wa Linux, ndipo yaende kwenye kadi halisi. Kuikabidhi mashine pepe kadi nzima ni jambo jingine kabisa. VirtualBox iliondoa uwezo wa kukabidhi vifaa vya PCI, yaani vile vinavyochomekwa ndani ya kompyuta kama kadi ya picha, tangu toleo la 6.1. Anayetaka hivyo kwenye Linux hutumia KVM, mfumo wa mashine pepe uliomo kwenye Linux yenyewe, huwasha IOMMU, swichi inayoruhusu ukabidhi huo, kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), na kwa kawaida huwa na kadi ya pili ya kumwachia mwenyeji. Kompyuta yetu ina kadi moja. Kwa hiyo mlituandikia kwenye karatasi yenye muhuri jambo ambalo VirtualBox mliyoifunga haiwezi kulifanya. Mngesema ukweli pale dukani huenda ningekubali hivyo hivyo, maana kwa michoro yetu inatosha. Lakini ningekubali nikijua.

Kuharibika kwa kompyuta si hoja yangu, vitu huharibika. Ninacholalamikia ni kuuziwa dawa mara tatu na watu ambao hawakumpima mgonjwa hata mara moja, na amri mbili za bure zingewaonyesha ugonjwa ndani ya dakika moja.

Ninaomba mturejeshee shilingi 190,000 za RAM, ambayo tumeichomoa na iko salama, pamoja na shilingi 85,000 za safari ya fundi. Ninaomba pia fomu inayosema kadi haina uwezo ifutwe kwa maandishi, kwa sababu siku kadi hiyo ikiharibika kweli ndani ya waranti, sitaki fomu hiyo itolewe kama ushahidi kwamba ilikuwa mbovu na tukakaidi ushauri. Na mstari wa proforma nao usahihishwe, useme kinachofanyika.

Nasubiri majibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Mkikaa kimya nitaipeleka Tume ya Ushindani pamoja na viambatisho: nakala ya proforma, risiti zote mbili, fomu ya fundi, na picha za skrini za kabla na baada ya Jumamosi ile.

Vipande vya RAM nimeviweka kwenye bahasha yake ya awali. Mtu wenu akipita Morogoro avichukue, mapokezi wanajua. Nauli safari hii iwe juu yenu.

Wenu mteja,

Mpima Ardhi, Morogoro