Umeme umeruka, kila siku umeme umeruka

Mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi nitoe dukuduku langu.

TV yangu ya inchi 32 nimeinunua mpya kabisa hapa Mwanza, ikakaa mwaka na miezi miwili ikafa, taa nyekundu inawaka halafu inazima basi. Waranti ilikuwa mwaka mmoja. Nimerudi dukani yule kijana hata kuifungua hajaifungua, kaniambia "mzee umeme umeruka huo". Haya, nikaipeleka Makoroboi kwa fundi.

Fundi kaifungua kanionyesha kwenye pawa saplai (bodi inayogawa umeme ndani ya TV) kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevimba vichwa kama maandazi, moja imevuja ugoro wa kahawia hadi kwenye bodi. Akaniambia ule msalaba uliochongwa juu ya kapasita umewekwa makusudi, gesi ikijaa ndani ipasukie pale isilipuke. Sasa angalia zilipokaa, zimebanana na hitisinki, yaani bati lenyewe la moto, na zimeandikwa mwisho wa joto nyuzi 85 wakati za 105 zipo na bei haijapishana kivile. Kapasita nyingi za bei chee zinahesabiwa masaa 2,000 kwenye joto lake la mwisho, ukizipunguzia nyuzi 10 zinaishi karibu mara mbili. Nikapiga hesabu pale pale kwenye benchi, tuseme zipo kwenye joto hilo la mwisho, TV naiwasha masaa matano kwa siku, 2,000 gawanya kwa 5 ni siku 400, aisee mwaka na mwezi na ushee! Waranti imekata juzi tu. Sisemi wamepanga, ila hesabu imekaa vizuri mno.

Kabadilisha zote mbili akaweka za 105, elfu nane na ufundi wake, TV inadunda mpaka leo, kumbe huo umeme ulioruka ulikuwa mule mule ndani. (Yeye mwenyewe kibandani anaangalia mpira kwenye TV ya chogo.)

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita za Taiwan zenye maji mabovu ndani yake ziliua kompyuta kibao duniani, na Dell mwaka 2005 walitenga karibu dola milioni 300 kurekebisha za kwao. Huko alilipa aliyetengeneza, huku nalipa mimi.

Ndugu zetu wa TBS, Shirika la Viwango, hiyo nembo kwenye boksi tunaiona, mnafungua na ndani? Zile kapasita mbili ninazo, nimezitunza kwenye kiberiti, anayetaka kuziona anikute Kirumba.

Msomaji wako,
Kirumba, Mwanza