Risala ya kidato cha pili kwa mgeni rasmi, siku ya wazazi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wetu wa shule, walimu, wazazi mliopata viti na nyie mliosimama kule chini ya mwembe, shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuvumilia foleni ya Nyerere Road ukaja kutusikiliza. Mambo ya madawati na matundu ya vyoo walimu watayasema, sisi tumeomba tuongelee kitu kimoja tu, kambi yetu ya siku tatu msitu wa Pugu.

Pugu sio mbali, ukishapita Gongo la Mboto ndo unaikaribia, ila kuna wenzetu walikuwa hawajawahi kulala nje ya kwao hata usiku mmoja, na tulivyotangaza kambi mama mmoja akauliza simba wapo wangapi. Simba hatukumwona, tuliona popo, jioni wanatoka kule mapangoni wengi mpaka unainama mwenyewe.

Sheria ya mwalimu mlezi ilikuwa moja, mwalimu hapiki, hafungi hema, haamshi mtu. Siku ya kwanza tuliteseka, tusidanganyane. Kuni mbichi, moshi, macho mekundu, ugali wa kundi letu ukaiva saa tatu usiku una mabuja juu na chini umeungua, na hakuna aliyebakisha. Hema tukalifunga bondeni eti kwa sababu pamenyooka, saa nane usiku mvua ikashuka maji yakaingia mpaka kwenye mabegi, afu mwalimu alituona tangu mchana akanyamaza tu. Asubuhi tukahamia juu na tukachimba mtaro kuzunguka hema, hatukuambiwa na mtu. Kuna mwenzetu, jina tunalisitiri, alibeba soksi pea nane ili asifue, siku ya tatu yeye ndo alikuwa anawaelekeza watu kufua na sabuni ya mche.

Askari wa msitu alitutembeza akatuambia mto Msimbazi unaanzia huko huko kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, yaani huo huo unaofunga barabara pale Jangwani mvua ikikolea, miti ikikatwa juu udongo unashuka unajaza mto huku chini. Jografia hiyo tulishaisoma darasani, haikukaa. Pale imekaa.

Sasa mheshimiwa, kuna mzazi alikuja jioni ya pili na hotpoti la pilau. Mwalimu alimpokea vizuri getini akamrudisha nalo, na kiukweli harufu tuliipata na iliuma. Tunaomba wazazi wetu mtuache tu mpaka siku ya tatu, tukiungua tutapulizia.

Lingine ni zito kidogo. Wasichana wengi wa darasa letu walikatazwa kuja, kaka zao wakaruhusiwa. Tunaambiwa mtoto wa kike hawezi kulala porini, sawa, lakini huyo huyo ndo anaachiwa nyumba na wadogo zake wawili mama akiwahi sokoni Ilala alfajiri, sasa kama nyumba nzima anaiweza hema litamshinda nini? Tumewauliza wenyewe, wamesema wazazi wanahofia mwalimu wa kike alikuwa mmoja tu. Hofu hiyo tunaielewa, ndo maana ombi letu la kwanza kwako ni utusaidie tupate matroni wa pili kwa ajili ya kambi ijayo.

La pili ni mahema. Yale tuliyokodi zipu zilikuwa mbovu na mawili yanavuja, tukipata hata kumi ya shule tutayatunza wenyewe, ratiba ya kuyaanika tumeshaiandika. Na sanduku la huduma ya kwanza, lile tulilobeba tuliazima kwa skauti.

Mheshimiwa, chakula cha mchana leo tumepika sisi, ugali na dagaa, mafiga yapo nyuma ya maabara. Ukikuta buja ujue hilo ni la kundi la pili.

Tunaomba kuwasilisha.