Makato ya mkopo wa elimu ya juu yafuate kipato

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nichangie mjadala wa siku nyingi kuhusu mikopo ya elimu ya juu, yaani kama deni hilo ni mzigo wa kweli kwa wahitimu au ni malalamiko ya watu wasiotaka kulipa. Kazi yangu ni kuandaa mishahara katika kampuni binafsi, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi orodha ya wanaokatwa hupita mikononi mwangu. Kwa ninavyoona, deni lenyewe kwa hali lilivyo sasa linalipika; kinachowaelemea wahitimu, hasa wanaoanza kazi, ni utaratibu wa kukata asilimia 15 kwa kila mtu bila kutazama anapata kiasi gani.

Ni haki kukiri kwanza kwamba hali imepoa ikilinganishwa na ilivyokuwa. Kabla ya katikati ya mwaka 2021, deni lililosalia lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la tozo ya kulinda thamani ya fedha. Mhitimu aliyekuwa akidaiwa shilingi milioni 10 huku mshahara wake ukiwa shilingi 500,000 alikatwa shilingi 75,000 kwa mwezi, na kati ya hizo takriban 50,000 zilimezwa na tozo, hivyo deni likapungua kwa 25,000 tu. Ndiyo maana watu walikuwa wakiomba taarifa ya deni baada ya miaka kadhaa ya kukatwa, wakakuta salio halijasogea, wakadhani wameibiwa. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 jijini Mwanza, na kwa maoni yangu hakuna hatua nyingine iliyowapa nafuu wanufaika kuliko hiyo.

Lakini asilimia 15 ilibaki. Sheria iliyoanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni ya mwaka 2004, na marekebisho ya mwaka 2016 ndiyo yaliyopandisha makato kutoka asilimia 8 hadi 15, yakawakuta hata watu waliokwisha kuajiriwa na kupanga maisha yao, wengine wakiwa na mikopo ya benki, kwa kutegemea kiwango cha zamani. Naelewa kwa nini Serikali ilifanya hivyo: fedha zinazorejeshwa ndizo zinazosaidia kumkopesha mtoto wa mkulima anayeingia chuo mwaka huu, na aliyekula bumu lake, yaani fedha za mkopo za kujikimu chuoni, miaka mitatu hana hoja ya kukataa kulirudisha. Sina ugomvi na kulipa.

Ugomvi wangu ni huu. Tuchukue kijana mwenye shahada anayeanza kazi kwa mshahara wa shilingi 400,000 usio na posho, na wapo wengi, hata kama baadhi ya wasomaji wako hawataamini. Asilimia 10 inakwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani shilingi 40,000. Zinazobaki, 360,000, ndizo zinazotozwa kodi ya mapato, na kwa kuwa shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, anatozwa asilimia 8 ya zile 90,000 zilizozidi, ambayo ni shilingi 7,200. Kisha linakuja kato la mkopo: shilingi 60,000. Kinachoingia mkononi ni shilingi 292,800, na humo humo kuna kodi ya chumba, nauli ya daladala, chakula, na wadogo zake wanaoamini kwamba kaka amepata kazi.

Tazama namba hizo mbili zikiwa zimekaa pamoja kwenye hati moja ya mshahara, 7,200 na 60,000. Mamlaka ya Mapato, ambayo hatujazoea kuisifia huruma, inakubali kwamba mtu wa kipato hiki hana kikubwa cha kutoa. Sheria ya mikopo inamkata kama inavyomkata meneja wake, kwa asilimia ile ile na kuanzia shilingi ya kwanza. Asilimia 15 kwa mwenye mshahara wa milioni tatu ni kuahirisha kununua gari. Kwa mwenye laki nne ni chakula. Wengi wa namna hii huishia kwa wakopeshaji wa mitaani tuliowapa jina la kausha damu, na mtu akishafika huko, deni la Serikali linakuwa ndilo dogo kuliko yote aliyonayo.

Hali ni ngumu zaidi kwa aliyejiajiri, kwa sababu kwake kipo kiwango cha chini cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Mhitimu anayefuga kuku wa mayai au anayefundisha masomo ya jioni nyumbani kwake anaweza kupata kiasi hicho mwezi huu na kukikosa mwezi ujao. Matokeo yake ni kwamba hajitokezi kabisa. Anayeweza kutoa 30,000 halipi hata senti, si kwa ukaidi, ila kwa sababu kiwango alichowekewa hakifikii.

Napendekeza Bunge lifanye jambo moja lisilohitaji chombo kipya wala mfumo mpya: kiwango cha mshahara kisichotozwa kodi kiwe pia kiwango kisichokatwa mkopo, na asilimia 15 ihesabiwe kwa kile kinachozidi hapo. Uingereza nao hukata asilimia 9 ya kile tu kinachozidi kiwango fulani cha kipato. Kwa hesabu hiyo kijana wangu wa laki nne angekatwa shilingi 19,500, na wa laki nane angekatwa 79,500 badala ya 120,000. Ni kweli kwamba angechukua muda mrefu zaidi kumaliza deni, na kwa kuwa tozo ya kulinda thamani haipo tena, hasara ya kuchelewa huko ingeangukia mfuko wa mikopo, si yeye. Hasara hiyo siidharau. Ndiyo maana wenye mishahara mikubwa waongezewe asilimia, kama kodi inavyopanda kwa ngazi. Wakimaliza mapema, watakuwa pia wamejiondolea usumbufu.

Liko pia suala la waajiri, na hapa naisema fani yangu mwenyewe. Sheria inamtaka mwajiri aijulishe Bodi kuhusu mfanyakazi aliyenufaika na mkopo, amkate na kuwasilisha fedha kila mwezi. Wapo wanaokata na kuchelewesha kuwasilisha, wakazitumia fedha hizo kuendeshea biashara, na mfanyakazi hajui lolote mpaka siku anapoomba taarifa ya deni lake. Bodi ikimtumia kila mnufaika ujumbe wa simu kila makato yake yanapopokelewa, kama benki zinavyofanya muamala unapoingia, mfanyakazi mwenyewe ataanza kumuuliza mhasibu maswali ifikapo tarehe 20, na nawahakikishia kwamba hakuna mkaguzi anayetusumbua kuliko mfanyakazi aliyeshika simu yake mkononi.

Mhasibu na msomaji wako,
Morogoro